Mfupa Uliounga

Kwa miezi minne mfupa ule ulikaa kwenye droo ya meza ya Anyitike Mwaisumo, kule Mbeya, umefungwa ndani ya leso nyeupe. Kila alipofungua droo kutafuta penseli aliifunga haraka. Chumbani mule mlikuwa na mifupa mingine elfu mbili na ushee, ya nguruwe pori, ya swala, ya pundamilia waliochunwa kwa mawe makali kabla mtu yeyote hajafua chuma katika nchi hii, yote imetolewa mapangoni, ikaoshwa, ikaandikwa namba kwa wino mweusi na kupangwa kwenye masanduku. Huo mmoja tu ndio haukuwa na namba. Haukuwa wa kale. Ulikuwa mfupa wa mguu wa nyuma wa kondoo jike, na ndio uliomvunjia uchumba.

Msomi mzima, ameaga wazazi akaenda ng'ambo miaka mitatu kujifunza mifupa ya wanyama, anarudi nyumbani anaangushwa na mguu wa kondoo. Si maneno yangu hayo, ni ya Kasian, dereva wa ofisi, Mhehe wa Iringa ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wake. Kasian alikuwa na haki ya kusema.

"Mimi umeniharibia jina," alimwambia mara nyingi. "Toka lini mshenga akaondoka ukweni na mfupa wa kuku mkononi, hata kunawa hajanawa?"

Anyitike alikuwa akiinamia masanduku yake.

Kisha, wiki ya kwanza ya Desemba mwaka ule wa sabini na sita, ikaja barua ya Matilda Kalinga. Bahasha ilikuwa nyepesi. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi, halafu akaenda nayo dirishani, ambako mlima Loleza ulikuwa umefunikwa na mawingu mpaka miguuni.

"Anyitike," ilisema, "nimeomba uhamisho. Nimeambiwa jibu litakuja kabla ya Krismasi. Nikiupata nitaondoka, na sitakuandikia niko wapi. Nimeshakusamehe, kwa hiyo usiniandikie tena barua za kuomba samahani, zinanichosha. Ila siwezi kuishi na mtu anayetazama kama wewe. Kila ukinitazama nitakuwa najiuliza unatafuta wapi nilipovunjika. Matilda."

Uso ulimwaka moto. Alikuwa peke yake chumbani, hakuna aliyemwona, lakini aligeuka akaangalia ukuta.

"Kesho nakwenda Iringa kuchukua vipuri," Kasian alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameiona bahasha tangu posta, na mwandiko anaujua. "Nafasi ya mbele ipo. Kilolo kwa kina Matilda nakufikisha. Ila safari hii, ndugu yangu, ukifika kule uwe bubu."

Anyitike alifungua droo, akatoa leso, akaitia mfukoni.

Sasa ngoja nikwambie kilichotokea siku ile, maana bila hivyo utamwonea huruma kabla ya wakati wake.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, baada ya ibada. Anyitike na Kasian walikuwa na kambi ya uchimbaji huko Kilolo, juu ya kijiji cha kina Matilda, kwenye pango wanaloliita Pango la Mbega, na kwa miezi miwili Anyitike alikuwa akishuka jioni kwenda kumsalimu mwalimu Matilda shuleni kwake. Aliyeanza kumpenda mwenzake ni nani, hata wenyewe walikuwa wakibishana. Matilda alisema ni yeye Anyitike, kwa sababu alikuja kuazima chaki mara tano, na mchimbaji gani anamaliza chaki namna hiyo. Jumapili ile ndiyo alikaribishwa nyumbani rasmi, na mshenga wake.

Mzee Yohane Kalinga, baba yake Matilda, hakumtaka. Hakuficha. Alikuwa mzee wa kanisa mwaka wa kumi na nane, sauti yake ya besi ikisikika mpaka barabarani, na alikuwa ameshamwambia mkewe kwamba Mnyakyusa, tena Mmoraviani, si wa kanisa lao, tena kazi yake kufukua, ni mambo matatu na hata moja lingetosha. Lakini Matilda alikuwa mtoto wake wa pekee. Akamwalika mchungaji aje kumtazama kijana, asaidie kuamua.

Wakala kuku, wakala njegere na viazi, Matilda naye akiwa mezani. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mchungaji akafuta mikono akauliza, "Hivi kijana, hasa hasa kazi yako ni nini?"

Angeweza kujibu kwa maneno kumi. Lakini mfukoni mwa koti alikuwa na mfupa alioutoa pangoni Ijumaa, juu juu kabisa, karibu na uso wa ardhi, na ulikuwa umempendeza. Akautoa. Akauweka mezani, katikati ya sahani.

"Mfupa ni kama barua, mchungaji," alisema. "Huyu ni kondoo jike, hajatimiza miaka minne. Tazama hapa katikati, palipovimba. Alivunjika mguu, ukaunga. Kondoo wa porini akivunjika hivi hafiki kesho. Huyu kuna mtu alimfunga vijiti, akamlisha kwa mkono wiki nyingi. Alipendwa."

"Ajabu," mchungaji alisema, akasogeza kiti.

"Fisi," Mzee Kalinga alisema ghafla. Alikuwa ameacha kula. "Fisi hupeleka mifupa mapangoni. Ni fisi tu huyo."

Na huyu bwana, mkwe mtarajiwa, akatabasamu akamsahihisha mzee mezani kwake.

"Hapana, mzee, si fisi. Fisi hutafuna ncha za mfupa, na meno yake huacha vishimo. Huu umekatwa kwa kisu, hapa na hapa. Tena hawakuupasua kula uboho. Alilazwa vizuri, na pembeni palikuwa na kibuyu."

"Kwa hiyo unasema ni tambiko?" mchungaji aliuliza.

"Ni tambiko, mchungaji. Wala si la zamani. Miaka miwili hivi, haizidi mitatu."

Marta, mama yake Matilda, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli la mchuzi. Akaliweka chini. Akaja mezani, akauchukua mfupa, akapitisha kidole gumba pale palipovimba, taratibu, kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Hii ni kondoo yangu mimi," alisema. "Ile nyeusi. Vijiti nilifunga mimi." Kisha akamgeukia mumewe. "Uliniambia fisi."

Akaurudisha mfupa mezani akatoka. Mzee Kalinga alikuwa akitazama sahani yake. Mchungaji akakohoa, akatafuta kofia. Anyitike akauchukua ule mfupa akautia mfukoni, maana hakujua aufanye nini kingine. Na Kasian, kama unavyojua, hakunawa.

Mwezi uliofuata Yohane Kalinga alivuliwa uzee wa kanisa. Alitengwa na Meza ya Bwana kwa muda, akawa anakaa benchi la nyuma kabisa, wanakokaa waliotengwa, na wimbo ukianza yeye hafungui kinywa.

Hayo yote Anyitike aliyaandika katika barua zake za kuomba samahani, saba kwa idadi. Lakini lilikuwepo jambo moja la siku ile ambalo hakumwandikia Matilda, wala Kasian hakumwambia. Kila alipolikaribia kalamu ilisimama.

Walifika Kilolo saa nane mchana, mvua imetoka kunyesha, barabara ina utelezi na miti ya miwati inadondosha maji. Kasian aliegesha Land Rover mbali kidogo na shule, akazima injini, akajifunika kofia usoni.

"Mimi simo," alisema. "Nimelala."

Matilda alikuwa peke yake darasani, anasahihisha madaftari. Alikuwa amesuka nywele mistari, amevaa sweta la kijani ambalo Anyitike aliwahi kulifunga kifungo kimoja kilichokuwa kinalegea, na kifungo kile kilikuwa bado kinalegea. Anyitike alishika fremu ya mlango. Alisimama pale nje ya kizingiti kama mwanafunzi aliyechelewa kuhesabu namba.

Matilda aliinua uso akamwona. Kwa muda mfupi sana macho yake yalifurahi, hakuwahi kuyazuia. Kisha akayarudisha kwenye daftari.

"Nilikuandikia usije."

"Uliandika nisiandike. Kuja hukutaja."

"Umeanza." Alipiga alama ya vema, kwa nguvu. "Barua nayo unaisoma kama mifupa."

"Matilda, sikuja kubishana."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kurudisha kitu."

Aliitoa leso. Matilda aliitambua, maana aliipiga pindo yeye mwenyewe, akasukuma kiti nyuma.

"Usiifungue hapa."

"Sifungui."

"Miezi minne umekaa nayo?"

"Niliona aibu kuitupa. Niliona aibu kuileta."

Matilda akaweka kalamu chini. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo ilimuumiza zaidi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kugombezwa.

"Mwaka sabini na nne niliugua homa ya uti wa mgongo. Hilo nilikuambia."

"Uliniambia."

"Nilikuambia niliugua. Mengine sikukuambia kwa sababu sikuyajua. Nimeyajua mezani, kwako wewe, mshenga wako akiwa na paja la kuku mkononi." Aliipanga kalamu sambamba na daftari. "Siku kumi na tisa nimelala hospitali Iringa simtambui mtu. Baba alisali mpaka sauti ikakauka. Usharika mzima ulisali. Siku ya kumi na tano daktari alimwambia ajiandae kunizika. Akarudi huku kwa miguu, asubuhi mpaka jioni, hakutaka kusubiri lori. Kondoo mweusi wa tambiko hapakuwa na mwingine ila yule wa mama. Akampeleka kule juu, walikokuwa wakienda babu zake. Siku ya kumi na tisa nikafumbua macho nikaomba uji. Amekaa na hilo miaka miwili, kila Jumapili anaimba besi, kila Jumapili anapokea mkate na divai, na hakumwambia mtu. Alilifanya kwa ajili yangu, Anyitike. Ulipouweka mfupa ule mezani ulimvua nguo baba yangu, na mimi ndiye niliyekuleta, na mimi ndiye kosa lenyewe."

Anyitike alitamani ardhi ipasuke. Alishughulika na ardhi maisha yake yote, akajua haipasuki kwa kuombwa.

"Sasa niambie wewe unayejua," Matilda alisema. "Nilipona kwa nini? Kwa sindano, kwa sala, au kwa kondoo?"

"Dawa za uti wa mgongo," Anyitike alianza, "zikianza mapema, mara nyingi siku ya kumi na tano ndipo—"

Akanyamaza. Lakini alikuwa amechelewa.

"Unaona?" Matilda alisema. Machozi yalikuwa yamemjaa, na chini ya machozi kulikuwa na kicheko kidogo cha kukata tamaa. "Ulikuwa na jibu."

Alikusanya madaftari, akayafunga kwa kamba, akasimama.

"Twende ukarudishe hicho ulichokuja nacho. Halafu uende zako."

Alitangulia njiani, hatua tano mbele. Hakugeuka hata mara moja, na Anyitike alifuata akitazama visigino vyake vilivyopakwa tope, akijua kwamba huenda ndiyo mara ya mwisho kutembea nyuma ya mtu huyu.

Mzee Kalinga alikuwa uani, anachonga mpini wa jembe. Alikuwa amekonda. Kando ya kigoda chake palikuwa na sahani iliyofunikwa kawa, na Anyitike akaelewa kabla hajaambiwa. Mzee hakuwa akila mezani tena. Marta alikuwa akimletea chakula nje, anakiweka, anaondoka, na yeye anakila akiwa ameupa mlango mgongo.

Anyitike alichuchumaa, kama kwao wanavyomsalimu mkubwa.

"Kamwene, baba."

"Kamwene," mzee alijibu. Hakuinua macho. "Nilidhani umeshachimba kwingine."

"Nimeleta kilicho chenu, baba. Sikuwa na haki ya kukichukua, na nilichokifanya nacho sina neno la kukisemea. Nikishakikabidhi nitaondoka."

Alifungua leso juu ya viganja vyake viwili. Mzee Kalinga aliutazama mfupa kwa muda mrefu. Kisu cha kuchongea kilikuwa kimesimama hewani.

"Usinipe hapa," hatimaye alisema. "Uliutoa mezani. Urudishe mezani."

Akasimama, akapangusa vumbi la mti, akaingia ndani. Matilda alishtuka, akaweka mkono ukutani. Miezi minne baba yake hakuwa amekivuka kizingiti kile kuelekea mezani. Mzee alivuta kiti chake cha siku zote, akaketi. Anyitike aliingia nyuma yake, akauweka mfupa mezani.

"Mama Matilda," aliita. "Njoo."

Marta alikuja akifuta mikono kwa kitenge. Alipomwona Anyitike alisimama, akatazama mfupa mezani, akakaa pembeni kwenye ncha ya benchi. Hakusalimu.

"Haya," Mzee Kalinga alisema. "Soma."

"Baba?"

"Siku ile ulisoma mbele ya mchungaji. Nilisikia nusu, masikio yalikuwa yanavuma. Leo soma tena, tupo wenyewe."

"Baba, siwezi."

"Siku ile uliweza."

Anyitike alimtazama Matilda. Alikuwa amesimama mlangoni, palepale mama yake aliposimama siku ile, na uso wake haukumsaidia. Basi akaanza. Sauti ilikuwa ikikatika kama ya mtoto anayesoma mara ya kwanza mbele ya darasa.

"Ni kondoo jike. Hajatimiza miaka minne. Alivunjika mguu, ukaunga vizuri, hata kupinda haukupinda. Kuna mtu alimfunga vijiti." Akasita. "Hapo ndipo nilipokuona, mama."

Marta akainua uso.

"Siku ile nilipotaja vijiti, niliinua macho nikakuona mlangoni. Ulifunika mdomo. Nikamwangalia baba, alikuwa ameweka kijiko chini. Nikajua." Aliushika ukingo wa meza. "Kila mtu anadhani niliropoka kwa kutojua. Matilda anadhani hivyo, mshenga wangu anadhani hivyo, na mimi nimewaacha wadhani. Si kweli. Baba aliposema fisi, alikuwa ananipa mlango nipite. Ningesema ndiyo mzee, ni fisi, tungeendelea kula. Nilijua, na nikaendelea. Mchungaji alikuwa amesogeza kiti, ananitazama kama mtu wa maana, na nilikuwa nimekuja nyumba ambayo hamnitaki. Nikataka anitazame hivyo dakika moja zaidi."

Nje kuku mmoja alikuwa akiparua chini ya dirisha.

"Barua saba nimeandika," alisema, "na hilo sikuliandika."

Alikuwa ametazamia mzee amfukuze. Alikuwa ametazamia Matilda atoke. Aibu aliyokuwa ameibeba miezi minne mfukoni ilikuwa sasa imetandazwa mezani mbele ya watu watatu, na haikuwa imepungua hata kidogo, ila angalau haikuwa tena ndani ya leso.

Mzee Kalinga alikuna kidevu.

"Mfupa unasema nini kingine?"

"Basi, baba. Umefika mwisho. Hausemi kwa nini."

"Hilo nitasema mimi." Mzee alimgeukia mkewe, na mtu yule aliyekuwa akisimamisha kanisa zima kwa besi yake alishindwa kupata sauti mara ya kwanza. "Mama Matilda. Kutengwa si kitu. Nilijua siku moja nitatengwa, na nilistahili, muda wangu nitaumaliza. Kilichonitoa mezani si kanisa. Ulimlilia yule kondoo wiki nzima. Ulimlisha majani kwa mkono mvua nzima, ukamfunga vijiti, halafu mimi nikakaa hapa ninakutazama unalia, nikasema fisi."

"Ulikaa," Marta alisema.

"Nilikaa."

"Nikakuambia tutege mtego ya huyo fisi."

"Ukaniambia."

"Na mtego ukatega." Marta alikunja ncha ya kitenge. "Wiki mbili unakwenda kuangalia mtego."

Mzee Kalinga alifunika uso kwa mkono wenye vumbi la mti. Anyitike aliinamisha kichwa. Kumwona mzee katika hali ile lilikuwa jambo asilostahili kuliona, na mara hii alijua kutolitazama.

Marta aliuchukua mfupa. Alipitisha kidole gumba palepale.

"Vijiti nne," alisema, kana kwamba anaongea na kondoo mwenyewe. "Moja ilikuwa fupi, nikaongeza gunzi." Akaufunga mfupa kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili, halafu akamtazama mumewe.

"Ungeniambia, Yohane," alisema, na hilo ni jina ambalo Matilda hakuwahi kumsikia mama yake akilitaja. "Ningekushikia miguu ya kondoo."

Kisha Marta akainuka, akaenda uani, akarudi na ile sahani iliyofunikwa kawa, akaiweka mezani mbele ya mumewe. Alipita karibu na Anyitike bila kumwangalia.

"Na yule dereva mwambieni ashuke garini," alisema. "Siku ile aliondoka na njaa."

Walikula wote watano. Chakula hakikuwa na maneno mengi, na yaliyokuwepo mengi yalikuwa ya Kasian, akisifu njegere. Mzee Kalinga alimpitishia Anyitike chumvi. Hakumwambia kitu kuhusu uchumba, wala Anyitike hakuuliza. Alikuwa amekuja kurudisha, si kuomba.

Jua lilipoanza kulegea aliaga. Marta alisema, "Haya." Mzee alisema barabara inateleza, waangalie. Matilda ndiye aliyemsindikiza hadi kwenye miwati, na mara hii hakutangulia, alitembea ubavuni, ingawa mtu wa tatu angeweza kupita katikati yao.

Anyitike alitembea macho chini. Aliona viatu vyake, aliona viatu vya Matilda, aliona vijifereji vya maji vikikata udongo mwekundu. Hakuthubutu kupandisha macho zaidi ya hapo.

"Mbona hunitazami?" Matilda aliuliza.

"Uliandika unaogopa."

"Niliandika." Walitembea. "Ulijua, siku ile. Ulijua kweli, ukaendelea."

"Nilijua."

"Ungekaa na hilo maisha yako yote nisingelijua."

"Nisingeweza. Nimeshindwa miezi minne tu."

Walifika kwenye gari. Kasian, kwa busara iliyokuwa haimpati mara nyingi, alikwenda kukagua gurudumu la upande wa pili na akaendelea kulikagua. Matilda alisimama mbele ya Anyitike. Kile kifungo cha sweta kilikuwa kimening'inia kwa uzi mmoja.

"Nitazame," alisema.

Aliinua macho. Uso ule alikuwa ameukariri, na bado ulikuwa mpya: jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia, kovu jembamba karibu na sikio ambalo hakuwahi kuuliza limetoka wapi. Zamani angekuwa ameshaanza kukisia.

"Unaona nini?"

Anyitike alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, aliyazoea, yalikuwa yamejipanga kama siku zote. Akayaacha yapite.

"Sijui," alisema.

Matilda alimtazama kwa makini, kutafuta kama ni ujanja. Hakukuta. Alikuta mtu aliyeona aibu mpaka masikio, amesimama kwenye tope, ambaye kwa mara ya kwanza tangu amfahamu hakuwa na la kumweleza. Akakikata kile kifungo kwenye uzi wake, akamwekea kiganjani, akamkunja vidole juu yake.

"Keshokutwa Jumapili," alisema. "Jibu la uhamisho bado halijaja. Ibada inaanza saa tatu. Usikae mbele na wageni."

"Nikae wapi?"

"Nyuma, kwa baba. Benchi lile lina nafasi."